Paa Dogo Juu ya Herufi

Nant Helyg
Jumatatu, 26 Novemba 1984

Tecwyn,

Umefanya nini na kanda ya babu yako? Nijibu hilo kwanza, ndipo uniambie mvua imenyesha kiasi gani huko Coventry.

Haya, salamu. Mimi sijambo, magoti yangu ni yaleyale. Mama yako alikuja Jumamosi na keki yake ya zabibu, ngumu kiasi cha kuvunjia jiwe, nikaila kwa kuwa nilimzaa mwenyewe. Kuku wamegoma kutaga. Wachimba makaa wa kusini nao bado wamegoma, lakini wale angalau wana sababu. Mchungaji Rhydderch anakusalimu, na anauliza kama huko Uingereza unaenda kanisani. Nimemwambia unaenda. Kazi kwako sasa kutonifanya mwongo.

Barua yako ya mwezi wa tisa ilifika. Niliishika nikidhani ni karatasi ya chokoleti, inang'aa kama fedha, nyembamba kama risiti ya duka, nikaigeuza nione chokoleti iko wapi. Unasema umeiandika kwa ile mashine yako ya vitufe vya mpira, ile unayoichomeka kwenye televisheni, na kwamba programu yake ya kuandikia ina akili: mstari ukijaa, inalishusha neno chini bila kuambiwa, kisha inayatawanya maneno mpaka kingo zote mbili zinyooke. Nimeyaona. Yamekaa na mapengo katikati kama meno yangu. Sasa barua hiyo ni yako au ni ya mashine? Mkono wako naujua tangu ulipokuwa unaandika D inayotazama nyuma. Huu siujui.

Tena umeniambia umepata nyumba ya kupanga, na neno nyumba umeliandika ty. Ty ndiyo nini? Hata mimi niliyeacha shule nikaenda kufua nguo za watu, najua nyumba kwa lugha yetu ni tŷ, na paa dogo lake juu ya herufi. Babu yako alipasua vigae vya mawe vya kuezekea nusu ya dunia, vumbi likamjaa kifuani mpaka likamzika, na mjukuu wake anaishi kwenye nyumba isiyo na paa. Mvua ya huko hainyeshi?

Sasa lililonifanya nishike kalamu.

Alhamisi umetimia mwaka tangu babu yako atutoke. Kuna jambo sikumwambia mtu, kwa sababu lilikuwa langu. Wiki zake za mwisho, alipokuwa hawezi tena kushika kalamu wala kupanda ngazi, alijifungia sebuleni na ile rekoda aliyonunuliwa na mama yako ya kujifunzia nyimbo za kwaya, akaniachia maneno kwenye kanda. Sikuwahi kuyasikiliza. Nilijiwekea ahadi kwamba nitayasikiliza mwaka ukitimia, nimekaa, nimevaa nguo nzuri. Basi Alhamisi nikavaa. Nikafunga mlango, nikairudisha kanda mwanzo, nikabonyeza.

Tecwyn, ilipiga kelele. Kwanza filimbi moja ndefu, kama birika lililosahauliwa jikoni. Kisha mkwaruzo, kama mtu anakaanga misumari. Paka alitoka mbio. Nikazima. Ijumaa nikajaribu tena, kelele zilezile.

Rekoda hiyo haijaguswa na mkono wa mtu mwingine isipokuwa wako, wiki ya mazishi. Sisemi umefanya. Nauliza.

Bibi yako,
Lowri Pritchard
(Nimeandika jina zima ili na mashine yako ijue inamjibu nani.)


Coventry
10 Desemba 1984

Bibi mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na mama na kuku pia. Mimi mzima. Unisamehe kuchelewa, shule imenibana, watoto wa darasa langu wanajifunza igizo la Krismasi na Yusufu amepata tetekuwanga. Mwambie Mchungaji kwamba nilienda kanisani Jumapili iliyopita. Ni kweli, nilienda.

Kuhusu paa dogo: si uvivu. Mashine hii imetengenezwa na Waingereza kwa ajili ya Waingereza, na wao hawana herufi hiyo. Nimetafuta kitufe kwa kitufe. Programu inaweza kunyoosha kingo, kuhamisha aya nzima, kutafuta neno na kulibadilisha kila lilipo, lakini kuezeka haijui.

Kuhusu kanda. Tafadhali usiicheze tena kwa sasa. Kanda huharibiwa na unyevu, na sebule yako ni ya upande wa mlima. Hebu niambie, ni ile nyeusi au ni yenye karatasi ya rangi ya chungwa? Uliikuta ndani ya rekoda au kabatini? Ikiwezekana ifunge kwa kitambaa unitumie kwa posta. Kuna mtu hapa anajua mambo ya kanda.

Krismasi sina uhakika kama nitaweza kuja. Kuna kazi.

Mjukuu wako,
Tecwyn


Nant Helyg
Ijumaa, 14 Desemba 1984

Tecwyn,

Unyevu? Sebule yangu ina unyevu? Nyumba hii aliiezeka babu yako kwa mikono yake, kwa vigae alivyochagua kimoja kimoja, na tangu siku hiyo halijawahi kudondoka hata tone kwenye zulia. Usinitukane nyumba kwa mashine.

Mimi mzima. Mama yako ana mafua na anamtangazia kila mtu. Theluji imekaa juu ya machimbo. Wil wa jirani amekuja kuuliza kama nahitaji kukatiwa kuni, nikamwambia nahitaji aondoke mlangoni, baridi inaingia.

Babu yako sitamtia kwenye bahasha. Alikuwa hapendi hata basi. Akipotea huko posta nitamdai nani?

Kanda ni yenye karatasi ya rangi ya chungwa. Ilikuwa ndani ya rekoda, ilipoachwa. Sasa nikuulize mimi. Kitu kikiharibiwa na unyevu, mtu haulizi rangi yake. Anayeuliza rangi ni aliyekiona. Na mtu mwenye kazi siku ya Krismasi ni mchungaji na mkunga, sijasikia mwalimu.

Niandikie ukweli, na uuandike kwa mkono. Karatasi yako ya fedha sitaifungua, nitawashia jiko.

Bibi


Coventry
7 Januari 1985

Bibi,

Heri ya mwaka mpya. Natumaini mafua ya mama yamepona. Soksi ulizonitumia nimezivaa, hata sasa ninazo miguuni. Mimi mzima wa mwili.

Nimeanza barua hii mara nyingi kwenye mashine, nikaifuta. Kufuta kwenye mashine ni kitu rahisi mno, hakuachi alama, ndiyo maana sasa nashika kalamu kama ulivyotaka.

Siku ile kabla ya mazishi, Mchungaji aliniomba niandike maneno machache juu ya babu ya kusoma kanisani. Nilikuwa nimekuja na mashine kwenye begi, maana nilishazoea kuandikia hiyo. Nikaichomeka kwenye televisheni yako pale sebuleni. Utakumbuka nilikaa nayo mchana kutwa. Sasa mashine hii ina ugonjwa mmoja: ukiizima inasahau kila kitu. Ili ikumbuke, lazima maneno uyahamishie kwenye kanda, kanda ya kawaida tu, ya muziki. Na hayaendi kama maneno yanavyosemwa. Yanaenda kama sauti yake yenyewe. Ile filimbi, ule mkwaruzo, ndiyo herufi zenyewe zikipita moja moja.

Ikabidi televisheni izimwe kabla sijamaliza. Rekoda ya babu ilikuwa mezani na kanda ndani yake, haina hata neno moja lililoandikwa juu. Nilidhani ni ya kwaya, bado mpya. Nikairudisha mwanzo, nikabonyeza kitufe chekundu cha kurekodia. Jioni wageni walipoondoka nikayarudisha maneno kwenye skrini, nikayanakili kwa kalamu, nikasoma kanisani kesho yake. Kanda nikaiacha palepale. Sikuwa na haja nayo tena.

Bibi, zile kelele unazosikia ni mimi nikimsifu babu. Nimemfuta nikimsifu.

Uliponiandikia filimbi ya birika, nilijua kabla sijafika mwisho wa mstari. Habari ya unyevu niliitunga. Krismasi sikuwa na kazi yoyote. Nilikaa hapa nikala mayai.

Lakini sikiliza, nakuomba. Maandishi yangu hayakuwa marefu. Kelele zile zinachukua mwanzo wa kanda tu, kisha zinakatika. Nyuma yake, kama babu aliongea zaidi ya hapo, bado yupo. Usizime. Iache kanda itembee, vumilia kelele mpaka ziishe. Na kwa vyovyote usiguse kitufe chekundu. Tena ukitaka kuwa salama, nyuma ya kanda, upande usio na utepe, kuna vijino viwili vya plastiki. Ukivivunja kwa ncha ya kisu, kitufe chekundu hakishuki tena kwenye kanda hiyo, hata shetani akibonyeza.

Neno moja tu nauliza, na kama hutaki usinijibu. Yale ya mwanzo niliyoyafunika, unayajua yalikuwa nini?

Tecwyn


Nant Helyg
Jumatatu, 4 Februari 1985

Tecwyn,

Barua yako nimeipata. Niliipata zamani.

Mama yako amepona. Mimi mzima. Bomba la nyuma limepasuka kwa ile baridi ya Januari, jiko la uani likawa ziwa, na ziwa likawa barafu. Nilimwita Wil. Alikaa kutwa nzima, akalitazama bomba kama anayesubiri limsalimie, akalifunga kwa kitambaa, na usiku likapasuka pengine. Kuku mmoja, yule mwekundu, tumemkuta amekauka kwa baridi. Nimemla. Alikuwa mgumu.

Kanda sijaiwasha, na wala usiniulize nitaiwasha lini. Unasema yupo nyuma ya kelele. Na kama hayupo? Kwa sasa, mlango ukiwa umefungwa, naweza kusema yupo ndani. Nikiufungua nikakuta chumba kitupu, nitakaa wapi?

Vijino sijavivunja. Vitavunjwa nitakaposema.

Ya mwanzo nayajua. Sikwambii.

Na nimeona mahali ulipopitia pembeni. Umeandika, "ikabidi televisheni izimwe". Ikabidi? Nani alisimama mlangoni akakwambia, "Zima hicho kidude, watu wanaingia kuomboleza na wewe unacheza mchezo"? Ulijua vizuri ni nani. Usinihurumie, Tecwyn. Mimi si maiti.

Bibi


Coventry
18 Februari 1985

Bibi mpendwa,

Pole kwa bomba, na pole kwa yule mwekundu, ndiye aliyekuwa akinifukuza nikiwa mdogo. Baridi hapa imepungua. Mwenye nyumba wangu, Bi Cartwright, ananipa supu, lakini anaweka pilipili manga kama anaitibu.

Sitauliza tena habari ya kanda. Na habari ya nani alisema zima, sikuiandika kwa sababu aliyebonyeza kitufe chekundu ni mimi.

Nataka tu nikuambie kitu kimoja kidogo. Nimegundua kwamba programu hii inaruhusu mtu kujichorea herufi yake mwenyewe, ikiwa haimo. Inakupa kiwanja cha vijumba vidogovidogo, kama kitambaa cha kufumia, nawe unajaza kijumba hiki, unaacha kile. Jana nimejaribu kuliweka paa dogo juu ya herufi yetu. Mara ya kwanza lilikuwa kama kunguru ametua. Mara ya pili likaegemea upande mmoja. Nikamkumbuka babu akinifundisha kuweka vigae kwenye banda la kuku, akisema, "Ukikiona kigae kimekaa vizuri kwa mbali, nenda karibu. Kikikaa vizuri kwa karibu, nenda mbali." Kisha akacheka mpaka akakohoa.

Sina zaidi. Nimeandika kwa mkono. Unaona D zangu zinatazama mbele.

Mjukuu wako,
Tecwyn


Nant Helyg
Jumatatu, 18 Machi 1985

Tecwyn,

Salamu. Sijambo. Wachimba makaa wamerudi kazini mikono mitupu, bendi ikiwapigia muziki, tumewaona kwenye televisheni. Mama yako alilia. Mimi nilisema heri wangewapigia mkate. Kuku wameanza kutaga. Mchungaji anauliza Jumapili ya Maua utakuwepo, maana makaburi yote yanasafishwa na la babu yako lina magugu upande wa miguu ambako mimi siwezi kuinama.

Nimeiwasha.

Sikuvaa nguo nzuri safari hii. Nilikuwa na aproni, na viazi mkononi, nimechoka kukiona kile kirekoda kinanitazama. Nikasema, haya, piga kelele. Kikapiga. Nikakaa nikamenya viazi juu ya kelele zako kama mtu anayemenya viazi mvuani. Zikakatika ghafla. Kikafuata kimya. Kisha akakohoa.

Wewe hujui kikohozi kile kwangu ni nini. Miaka yote ile nilikuwa nakichukia. Kisu kilinianguka.

Akasema, na hakuanza mwanzo, alikuwa katikati ya jambo: "...halafu bomba la nyuma, Lowri, lifunge kabla Januari haijaingia. Ufunguo wake uko nyuma ya pipa la makaa, kwenye msumari. Na usimwite Wil. Wil hajui mabomba, anajua kusimama."

Nilicheka, Tecwyn. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka paka akanitazama. Ufunguo nimeukuta hapohapo, kwenye msumari, umeota kutu. Baridi nzima nimechota barafu kwa ndoo na yeye alikuwa ananiambia ufunguo uko wapi, ndani ya kijisanduku, juu ya kabati, hatua chache kutoka nilipolala. Kama ningemwacha aongee.

Yaliyobaki ni hayohayo. Mbegu za viazi ziwekwe dirisha gani. Bomba la moshi lisafishwe na nani na asilipwe kabla. Vigae vilivyobaki viko nyuma ya banda, vile vizuri chini, vile vya kudanganyia wageni juu. Kwamba mama yako, Menna, asisukumwe sana, ana moyo mwepesi. Kwamba wewe, Tecwyn, una mikono ya kazi ila una haraka. Hakuna neno tamu hata moja. Ndivyo alivyokuwa. Anapumua, anasema, anapumua. Mwisho anasema, "Basi. Sina zaidi. Sasa hii inazimwaje?" Hakujua kuizima. Ikaendelea kuzunguka yeye amekaa, kiti kinalia, na kuna kitu kingine kinasikika nyuma yake, tangu kikohozi mpaka mwisho wa kanda.

Maji. Maji yanachuruzika.

Nilisikiliza mara ya pili ndipo nikayajua. Ni bomba langu la jikoni.

Sasa nikwambie nilichokataa kukwambia. Siku ile aliyojifungia, mimi nilikuwa jikoni, na mlango wa sebule haufungi vizuri. Nilimsikia anaanza. Alisema, "Inazunguka? Eeh, inazunguka. Lowri. Nimeezeka nyumba za watu nisiowajua na hawatanijua. Nyumba yangu mimi ni wewe. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa hapo siku zote."

Hayo tu ndiyo niliyoyasikia. Nikafungua bomba, nikaliacha litiririke kwa nguvu, ili nisisikie zaidi. Kwa nini, usiniulize. Ukiishi na mtu asiyesema, naye akaanza kusema, ni kwamba anaondoka. Sikutaka kuondokewa nikiwa nimesimama na sufuria.

Kwa hiyo hesabu yenyewe ndiyo hii. Ya mwanzo ninayo mimi. Ya mwisho anayo kanda. Katikati, kati ya bomba langu na kelele zako, kuna maneno ambayo hayana mtu. Mimi niliyazamisha kwa maji, wewe ukayafunika kwa sifa. Alisema nini hapo? Labda alisema habari ya mbuzi. Labda hakusema habari ya mbuzi. Nimekaa na hilo wiki nzima, na sasa nakupa na wewe ulibebe upande wako, maana peke yangu limenizidi. Usiniandikie pole. Pole yako nimeisikia kwenye kanda, ndefu, inakwaruza, na nimeivumilia mpaka mwisho.

Sasa sikiliza utakavyofanya.

Njoo Jumamosi ile ya kabla ya Jumapili ya Maua. Usiniambie una kazi. Njoo na mashine yako na nyaya zake zote, televisheni nitaiondolea kitambaa. Kabla hujapanda treni, kaa ulichore lile paa dogo mpaka likae. Lisiwe kunguru, lisiegemee. Litazame kwa karibu, kisha kwa mbali, kama ulivyofundishwa. Kwenye maneno yale neno nyumba limo mara mbili, na sitaki hata moja linyeshewe.

Ukifika utakula kwanza. Kisha utakaa kwenye kiti chake, mimi nitakutajia maneno yake kama nilivyoyasikia, nawe utayaandika hivyohivyo, bila kuyanyoosha kingo, bila kuyatia mapengo, bila kunisahihishia. Pamoja na "Inazunguka? Eeh, inazunguka." Halafu utairudisha kanda mwanzo na utabonyeza kitufe chekundu, wewe, nami nitakuwa nimesimama hapo, na safari hii sitamwambia mtu azime. Yaweke mahali yalipokuwa. Najua yatapiga kelele. Yapige. Mtu mwingine atasikia birika, mimi nitajua ni nani anasema na anasema nini.

Uyaweke mafupi, yasifike mbali. Sifa zako zitakazobaki baada yake ziache, zinamhusu na yeye, na karatasi uliyosomea kanisani ninayo ndani ya Biblia. Ila ole wako ufike kwenye kikohozi.

Ukimaliza, chukua kisu changu cha viazi, uvunje vile vijino, vyote viwili, mbele ya macho yangu. Kisha twende tukang'oe magugu.

Bibi yako,
Lowri